Mali Bila Daftari

Ukitaka kujua habari za mji, uliza majina ya mitaa yake. Katika mji wa Nakuru kuna mtaa uitwao Milimani na mtaa uitwao Bondeni. Milimani uko juu, katika mteremko wa Menengai, penye upepo mwanana, miti mikubwa ya kivuli na nyumba zilizojengwa mbalimbali, kila moja na bustani yake. Bondeni uko chini, upande wa ziwani, na nyumba zake zimebanana kama watu waliokutwa na mvua chini ya mwavuli mmoja. Wewe msomaji, ikiwa u mwenyeji wa Nakuru, wayajua haya kwa miguu yako. Ikiwa u mwenyeji wa mji mwingine, hapana shaka mji wako nao una Milimani yake na Bondeni yake, hata kama majina ni mengine.

Kijana wa Bondeni apandapo Milimani, aghalabu huwaza moja katika mambo mawili. Huwaza kwamba wakaao juu waliumbwa wakae juu, kama mlima wenyewe ulivyoumbwa. Au huwaza kwamba wako juu kwa bidii yao, na walio chini wako chini kwa uvivu wao. Mawazo haya yote mawili ni ya uongo, na nia ya insha hii ni kuyavunja. Mlima ni kazi ya Mungu, lakini Milimani ni kazi ya watu. Na kazi ya watu yaweza kuulizwa maswali. Aliyeijenga ni nani? Kwa fedha ya nani? Hesabu yake iliandikwa katika daftari gani, na daftari hilo alilishika nani?

Basi na tuanze mwanzo. Reli ilifika Nakuru mwaka 1900. Nyuma ya reli walikuja walowezi. Lord Delamere, aliyekuwa mkubwa miongoni mwao, alipewa mwaka 1903 ekari 100,000 huko Njoro kwa mkataba wa miaka 99. Ardhi ya bonde hili haikuwa pori lisilo na mwenyewe. Wamaasai walichunga hapa, nao walihamishwa kwa mkataba wa mwaka 1904, wakahamishwa tena kwa mkataba wa mwaka 1911 kutoka huko walikopelekwa. Baadaye, mwaka 1939, sheria iliandika mipaka ya Nyanda za Juu zilizotengwa kwa Wazungu, na katika mji wa Nakuru wenyewe Mzungu alikaa juu na Mwafrika akakaa chini. Hivyo ndivyo Milimani ilivyopata kuwa Milimani.

Lakini ardhi bila mikono haitoi ngano. Mikono ilipatikanaje? Je, ilivutwa kwa ujira mwema? La hasha. Sheria ya mwaka 1918 ilimtaka Mwafrika aliyekaa katika shamba la mlowezi amfanyie kazi mwenye shamba siku zisizopungua 180 kwa mwaka. Kodi ilimsukuma mwingine atoke kwao akatafute fedha. Na maskwota walipofuga ng'ombe na mbuzi wengi, hata wakaanza kuweza kuishi bila kumtegemea bwana, mifugo yao ilipunguzwa kwa nguvu. Watu wa Nakuru na Naivasha waliliita tendo hilo “kifagio”, na jina lenyewe latosha kueleza jinsi boma la mtu lilivyobaki baada ya kufagiwa.

Hapa simama kidogo, msomaji, ulifikiri jambo hili. Wautetea ubepari wasemao kwamba ni utaratibu wa hiari, ambamo mtu huru hukutana sokoni na mtu huru, mmoja akauza jasho lake na mwingine akalinunua kwa bei wanayopatana. Maneno hayo ni matamu masikioni. Walakini katika bonde hili muuzaji aliletwa sokoni amekwisha kufungwa mikono kwa sheria, kwa kodi na kwa kifagio. Aliyenyimwa ardhi na akanyang'anywa mifugo hana la kuuza ila jasho, na asiye na la kuuza ila jasho hapatani bei, hupewa bei.

Wautetea huo husema tena kwamba bepari hustahili faida kwa kuwa yeye ndiye abebaye hatari ya hasara. Neno hili nalo lilipata mtihani wake. Mwaka 1929 soko la hisa la New York lilianguka, na dhiki ikaenea duniani kote. Bei za mazao zikashuka, na walowezi wengi waliokuwa na madeni wakawa karibu kufilisika. Kwa kanuni walizozihubiri wenyewe, afilisikaye na afunge shamba lake aondoke. Je, waliondoka? Serikali ya kikoloni iliwasaidia wakulima wa mahindi kwa fedha za umma, na mwaka 1931 ikaanzisha Benki ya Ardhi ili kuwakopesha. Fedha hizo zilitoka Hazina, na miongoni mwa walioijaza Hazina hiyo alikuwa yule yule skwota aliyelipa kodi ya kibanda chake. Skwota hakuitwa mezani siku ya faida. Siku ya hasara aliitwa.

Usidhani kwamba hayo yalikuwa maajabu ya zamani za kikoloni tu. Mwaka 2008, benki kubwa za Marekani zilipokuwa zikianguka kwa uzembe na tamaa zao wenyewe, Bunge la nchi hiyo liliidhinisha dola bilioni 700 ili kuziokoa. Wenye nyumba wengi waliopoteza nyumba zao hawakuokolewa kwa haraka hiyo. Zama mbili, mabara mawili, lakini kanuni ni ile ile: faida ni ya wachache, na hasara ni ya wote. Mtu akikuambia kwamba mabepari hawautaki ujamaa, mjibu kwamba wanautaka sana, ila wanautaka katika hasara peke yake.

Tena kuna jambo la kuchekesha kidogo. Walowezi hao, waliosema kwamba kila mtu na ajitegemee, walikuwa watu wa ushirika kuliko wote. Mwaka 1908 walianzisha chama chao cha ushirika huko Lumbwa. Mwaka 1925 waliunda huko Naivasha chama cha maziwa kilichojulikana kwa herufi KCC. Hapa Nakuru palikuwa makao ya KFA, chama chao kikubwa cha wakulima. Walinunua mbolea pamoja, waliuza mazao pamoja, na walisema na serikali kwa sauti moja. Mwafrika alifunguliwa mlango wa ushirika kwa sheria mwaka 1945, miaka thelathini na saba baada ya Lumbwa. Ushirika, basi, haukuwa ndoto ya wapinzani wa ubepari. Ulikuwa silaha ya wenye mali, ambayo wasio na mali walinyimwa.

Ndipo tukafikia uhuru. Tarehe 12 Agosti 1963, Jomo Kenyatta alisimama katika ukumbi wa mji wa Nakuru mbele ya walowezi waliojaa hofu, akawaambia kwamba yaliyopita yasamehewe na kwamba wanaotaka kukaa wakae walime. Kusamehe ni tabia njema, na kisasi hakijapata kulisha mtu. Hatumlaumu mtu kwa kusamehe. Tunauliza swali jingine: msamaha ule ulisamehe watu, au ulisamehe pia utaratibu wote wa mali walioujenga? Maana tangu mwaka 1962 ulikuwapo mpango wa kununua kutoka kwa walowezi ekari zipatazo milioni moja na kuwapa wananchi viwanja vya kulima. Fedha nyingi za mpango huo zilikuwa za kukopa, na mwananchi aliyepewa kiwanja alipewa pamoja na deni lenye riba. Mtoto wa skwota alitakiwa ainunue ardhi ambayo jasho la baba yake lilikuwa limekwisha kuilipa.

Bildad Kaggia, aliyefungwa pamoja na Kenyatta baada ya kesi ya Kapenguria, hakulikubali jambo hilo. Alisema kwamba wasio na ardhi wapewe ardhi bila kuinunua, na kwa ajili ya msimamo huo alitoka katika serikali mwaka 1964. Mwaka 1965 Kenyatta alimsuta mbele ya watu, akimwuliza amejipatia nini yeye mwenyewe, ilhali wenzake waliofungwa naye wamekwisha kujipatia majumba na mashamba. Lipime swali hilo, kijana. Aliyeulizwa alikuwa anauliza mamilioni watapata nini. Akajibiwa kwa kuulizwa yeye amepata nini. Hapo ndipo Uhuru ulipopandishwa kilimani. Kaggia alirudi nyumbani, akawa na mashine ya kusaga unga, akafa mwaka 2005 bila kuwa tajiri. Wako waliomwona mjinga. Mimi namwona kuwa ni mmoja wa wachache ambao hesabu yao yaweza kusomwa hadharani ukurasa kwa ukurasa.

Mwaka huo huo wa 1965 serikali ilitoa Waraka wa Bunge Namba 10, uliohusu ujamaa wa Kiafrika na namna ya kuutumia katika mipango ya Kenya. Tom Mboya, Waziri wa Mipango, ndiye aliyekuwa msemaji wake mkuu, na alikuwa mtu wa akili kali. Ni haki tuziseme hoja za Waraka huo kama zilivyo, kwa maana anayeshinda hoja iliyopotoshwa hajashinda kitu. Waraka ulikataa kufuata Mashariki na ulikataa kufuata Magharibi. Ulisema kwamba mila za Kiafrika zina demokrasia na wajibu wa kusaidiana. Ulisema kwamba nchi maskini ikigawa kabla ya kuzalisha itagawa umaskini, na kwamba fedha za kutaifisha mashamba na viwanda vilivyopo haziongezi shamba wala kiwanda kipya. Kisha ukasema kwamba fedha za maendeleo zipelekwe kwanza mahali zitakapozaa zaidi: penye ardhi nzuri na mvua, penye barabara na umeme, penye watu walio tayari kwa maendeleo.

Hoja hiyo ya mwisho yafanana na busara. Lakini jiulize: mwaka 1965, barabara zilikuwa wapi? Reli ilipita wapi? Umeme uliwaka wapi? Vilikuwa pale mkoloni alipoviweka, naye aliviweka pale mlowezi alipokaa. Kwa hiyo kusema “mwenye barabara na apate kwanza” ni kusema “aliyependelewa jana na apendelewe na leo”. Barack Obama, mwanauchumi Mkenya, ambaye mwanawe alikuja kuwa Rais wa Marekani mwaka 2009, aliuchambua Waraka huo katika jarida mwezi Julai 1965, akauliza maswali makali juu ya mali ya nchi iliyo mikononi mwa wachache. Maswali hayo hayajaisha nguvu mpaka leo.

Mjadala ule ungaliendelea, pengine taifa lingalipata njia yake. Haukuachwa uendelee. Pio Gama Pinto, mpangaji hodari wa upande wa mrengo wa kushoto, alipigwa risasi mjini Nairobi tarehe 24 Februari 1965, hata kabla Waraka haujatoka. Mwezi Machi 1966 mkutano wa KANU huko Limuru ulikivunja cheo alichokuwa nacho Oginga Odinga katika chama. Mwezi uliofuata Odinga aliacha umakamu wa rais, akaongoza chama kipya cha KPU, na Kaggia akawa naye. Mboya mwenyewe, mtetezi wa Waraka, aliuawa Julai 1969. Mwisho wa Oktoba mwaka huo KPU ilipigwa marufuku. Mwaka 1975 J. M. Kariuki, mbunge wa Nyandarua Kaskazini, aliuawa baada ya kuonya kwamba tunajenga nchi ya matajiri kumi na maskini milioni kumi. Naye hakuwa maskini, ila aliona. Basi mtu asikuambie kwamba katika Kenya ubepari ulishinda mjadala. Mjadala haukushindwa kwa hoja. Ulifungiwa mlango, na ufunguo ukatupwa.

Sasa nakusikia ukiniuliza, msomaji, na una haki ya kuuliza: “Na jirani zetu Tanzania, je? Wao walichagua ujamaa. Walifika wapi?” Swali hili si la kukwepa. Azimio la Arusha lilitangazwa Februari 1967, na siku chache baadaye benki zilitaifishwa. Liko jema lililopatikana: watu wengi walijifunza kusoma, shule zikaenea vijijini, na viongozi wakakatazwa kuwa na majumba ya kupangisha na mishahara miwili. Lakini liko pia baya. Kati ya mwaka 1973 na 1976 mamilioni ya wakulima walihamishiwa vijijini, wengi wao kwa kulazimishwa. Mashirika ya umma yalijaa hasara. Kulikuwa na vita vya mwaka 1978 na 1979 dhidi ya Idi Amin, na bei ya mafuta ilipanda, hilo ni kweli. Walakini si kila kosa lililetwa na vita na mafuta. Mwaka 1986 Tanzania ilipatana na Shirika la Fedha la Kimataifa, na njia ya Arusha ikawa nyuma yake.

Wapo wafurahio kusema kwamba hapo ndipo ujamaa ulipofia. Mimi nakuomba utazame kwa jicho kali zaidi. Katika mkoa wa Ruvuma wakulima wachache walikuwa wamejijengea wenyewe, tangu mwanzo wa miaka ya sitini, vijiji vya kufanya kazi pamoja, na cha kwanza kiliitwa Litowa. Hawakuswagwa na mtu. Walilima pamoja, wakaendesha shule yao, wakaunda jumuiya ya vijiji vyao, na wao wenyewe wakaamua mapato yatumiwe vipi. Mwalimu Nyerere aliwapenda. Lakini Septemba 1969 jumuiya hiyo ilivunjwa na chama kilichohubiri ujamaa, kwa kuwa wakulima wale hawakuwa chini ya mkono wa maofisa. Na mwaka 1976 serikali ilivifuta hata vyama vikuu vya ushirika vya wakulima, ikaweka mamlaka zake badala yake.

Sasa linganisha, na hapa ndipo moyo wa insha hii ulipo. Septemba 1969, serikali ya kijamaa inavunja jumuiya ya wakulima wa Ruvuma. Oktoba 1969, serikali ya kibepari inapiga marufuku chama cha KPU. Mwezi mmoja tu kati ya hili na lile! Nchi mbili zilizotukanana kwa ajili ya siasa zao, moja ikiitwa jamii ya nyang'au, zilipatana katika jambo moja bila kuandikiana barua: mtu wa chini asishike daftari. Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Mimi naongeza kwamba mali ambayo daftari lake limeshikwa na mtu asiyeulizwa, hupotea vile vile, ama ikiitwa mali ya kampuni, ama ikiitwa mali ya umma.

Kama wataka ushahidi wa karibu, shuka nami kutoka Milimani mpaka mjini. Kiwanda cha pareto kiko hapa Nakuru. Ua lile jeupe, litoalo dawa ya kuua wadudu, liliwahi kuifanya Kenya kuwa ya kwanza duniani, na watoto wengi wa Molo, Njoro na Nyandarua walilipiwa karo kwa ua hilo. Shirika lililonunua pareto halikuwa la bepari; lilikuwa la umma. Lakini wakulima walipeleka maua yao na wakangoja malipo miezi mingi, kisha miaka, hata wakang'oa mimea yao wakapanda viazi. Daftari lilikuwa la nani? Lilikuwa la umma kwa jina, lakini mkulima wa Molo hakuwa na njia ya kulifungua. Vivyo hivyo katika miaka ya sitini na sabini watu maskini wa bonde hili walichanga shilingi zao katika kampuni za kununua mashamba. Hizo zilikuwa kampuni za watu binafsi. Wengine walipata ardhi. Wengine walizeeka wakiwa na risiti tu mkononi, bila hati, ilhali wakurugenzi walijigawia sehemu nono. Moja mali ya umma, nyingine mali ya watu binafsi. Ugonjwa ni mmoja.

Ukaja wakati wa dawa za kigeni. Tangu mwaka 1980 Kenya ilichukua mikopo ya Benki ya Dunia yenye masharti ya kurekebisha uchumi, na masharti hayo yakazidi ukali. Mwisho wa miaka ya themanini mgonjwa alitakiwa alipe hospitalini palipokuwa hapalipwi, na katika shule mzazi alibebeshwa gharama zaidi na zaidi, hata masomo ya msingi yalipofanywa bure tena mwaka 2003 watoto walifurika madarasani kama maji yaliyovunja ukingo. Walioikopa fedha ile hawakuwa wagonjwa wale wala watoto wale. Ni hadithi ya skwota na Benki ya Ardhi, imesimuliwa upya kwa lugha ya wataalamu.

Na mwaka 2024 vijana wa Kenya waliisikia hadithi hiyo, wakaikataa. Muswada wa Fedha ulipoletwa Bungeni kuongeza kodi, ambazo sehemu kubwa ya mapato yake ilikuwa ya kulipia madeni, waliusoma, wakaufasiri kwa lugha za mama zao, wakatoka barabarani, na Nakuru nako walitoka. Tarehe 25 Juni wengine waliuawa. Kesho yake Rais alisema hatautia sahihi. Msomaji, jambo kubwa katika habari hiyo si mawe wala moshi. Jambo kubwa ni kwamba vijana walisoma daftari la hesabu la taifa ukurasa kwa ukurasa, jambo ambalo wazee wetu walikuwa wamewaachia mawaziri.

Basi tutake nini? Sikuandiki wewe katika chama chochote. Lakini pima kila chama, kila serikali na kila kampuni kwa mizani hii ya mambo matatu. La kwanza: daftari na liwe wazi, lisomeke kwa lugha ambayo mchangaji anaijua, na kwa wakati ambapo bado aweza kuzuia wizi, si baada ya mwizi kufa. La pili: wafanyao kazi na wawe na kura katika kuamua mapato yaende wapi, na wawe na uwezo wa kumwondoa mshika hazina asiyejibu. La tatu: faida na hasara zipite njia moja, anayetaka faida peke yake asiipeleke hasara kwa jirani, na anayelipa hasara na apewe sehemu yake ya faida. Ushirika wa kweli ni huo, na walowezi wa Lumbwa na Naivasha waliujua kabla yetu, ingawa walijifungia wenyewe.

Utaambiwa kwamba mambo haya hayawezekani, kwa kuwa binadamu ni mchoyo. Ni kweli, binadamu ni mchoyo. Na kwa sababu hiyo hiyo hapasi kupewa daftari peke yake. Utaambiwa pia usubiri, chungu kichemke kwanza ndipo wote wale. Jibu kwa adabu kwamba umesubiri tangu Waraka wa mwaka 1965, na kwamba wakaao karibu na chungu hawajapata kuonekana wamekonda kwa kusubiri.

Tena usiseme kwamba u mwanafunzi tu na huna mali ya kutunzwa. Shule yako ina chama cha wanafunzi, ina timu ya mpira, ina klabu ya uandishi, na kila kimoja kina senti zake. Mwaka huu mtamchagua mshika hazina. Baada ya mwezi mmoja mwombeni daftari, mbele ya wote, kwa upole. Akilifungua, mpongezeni. Akikasirika, mmekwisha kujifunza siasa zaidi ya nilivyoweza kuwafundisha katika kurasa hizi. Na ikiwa siku moja wewe ndiwe utakayechaguliwa, lipeleke daftari mwenyewe kabla hujaombwa, hata siku ambayo hesabu haikutimia. Huenda miaka ishirini baadaye ukakaa Milimani, na hapana dhambi kukaa mahali penye upepo mwanana, mradi wa Bondeni akigonga mlango wako akataka kuona hesabu, umfungulie.